Tiketi Inayoishia Dar

Tangu ujenzi wa bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, uliposhika kasi, baraza za Tanga zimepata hoja mpya. Wageni wameongezeka mjini, nyumba za kupanga zimepanda bei, na swali lililokuwa likiulizwa nusu kwa utani sasa linaulizwa kwa hasira. Mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2.6 kwa sensa ya 2022, bandari iliyochimbwa kina upya na bomba la kilomita 1,443 linaloishia uani kwake unakosaje uwanja wa ndege wa kimataifa? Wanaolishikia bango zaidi swali hili ni watoto wa Tanga wenyewe walioko kazini nje: Muscat, Doha, Dubai, Jeddah, wengine Uingereza na Ujerumani, wengine melini. Wanasema, na ndugu zao wanawaunga mkono, kwamba safari ya kurudi nyumbani inawachosha na kuwamaliza mfuko kwa sababu ndege inawashusha Dar es Salaam, na kwamba siku ndege ya Ghuba itakapotua Tanga tabu hiyo itakwisha.

Nadhani dawa hiyo imeandikwa bila mgonjwa kupimwa. Sina ugomvi na uwanja wa ndege. Ukijengwa nitaufurahia kama mwingine yeyote. Lakini sehemu kubwa ya urefu wa safari ya mfanyakazi wa ughaibuni inaamuliwa ndani ya mkataba wa kazi, kabla hajapanda ndege yoyote: tiketi inaanzia wapi na kuishia wapi, inalipiwa na nani, inatolewa baada ya muda gani, na siku za njiani zinakatwa kwenye likizo ya mfanyakazi au kwenye siku za mwajiri. Njia mpya ya kurukia ndege haibadilishi hata neno moja katika hayo. Na yule ambaye mkataba wake umekaa vizuri anafika Tanga leo hii, bila uwanja huo, wala hasikiki akilalamika.

Tuanze na saa, kwa sababu ndizo zinazotumika sana katika ubishi huu. Ndege ya moja kwa moja kutoka Dubai hadi Dar es Salaam hukaa angani saa tano na nusu hivi. Basi la kutoka Dar hadi Tanga, kilomita zipatazo 350 kwa kupitia Chalinze na Segera, nalo hula saa tano hadi sita ukijumlisha mizani, askari wa barabarani na kile kituo cha kula. Yaani abiria anavuka Bahari ya Arabu na Pembe ya Afrika yote kwa muda uleule atakaoutumia kutoka stendi ya Mbezi jijini Dar hadi stendi ya Kange mjini Tanga. Inauma, sikatai. Ila tazama kilichopo katikati ya safari hizo mbili. Jengo la tatu la abiria la uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa Agosti 2019, liko Kipawa. Stendi ya mabasi ya mikoani, tangu ilipohamishwa Ubungo mwaka 2021, iko Mbezi Luis, upande wa pili kabisa wa jiji. Anayetua saa nane usiku na masanduku mawili ya kilo 23 anatafuta teksi ya kulikata jiji zima, kisha anakaa kusubiri. Kwa miaka mingi kusubiri huko kulikuwa kwa lazima, kwa sababu mabasi yalikatazwa kusafiri usiku. Serikali iliporuhusu mabasi kutembea saa 24 kuanzia Oktoba 2023, hakuna aliyekata utepe kwa niaba ya watu wa ughaibuni, na sidhani kama kuna aliyewafikiria. Hata hivyo uamuzi ule ulimwondolea Mtanga anayetoka Doha usiku mzima wa kulipia chumba Dar. Ulikuwa ufupisho mkubwa kuliko wowote alioupata kwa miaka, na haukugharimu hata ndoo moja ya lami.

Sasa mtazame anayesafiri kuja upande wetu. Sekta ya mafuta na gesi duniani huendesha kazi zake kwa zamu: wiki kadhaa kambini, wiki kadhaa nyumbani, na mpangilio wa siku 28 kwa 28 ni wa kawaida. Mhandisi wa kigeni aliyepangwa Chongoleani kwa mtindo huo anatoka mlangoni kwake kwa gari lililolipiwa, anapanda ndege iliyolipiwa, akichelewa Dar analala hoteli iliyolipiwa, na asubuhi anapelekwa Tanga na dereva anayemsubiri na karatasi yenye jina lake. Anapita Dar ileile, na Segera ileile. Kama ni kuchoka anachoka pia, kwa sababu yeye ametoka mbali zaidi. Lakini sijapata kusikia wageni hao wakidai Tanga iwekewe ndege ya kwenda Ulaya, na ukitafakari utaona sababu: gharama na usumbufu wa kipande cha mwisho vimebebwa na aliyemwita kazini. Watu wa Tanga tulizoea kujisifu kwamba mji wetu ni wa waja leo waondoka leo; kumbe msemo huo unamfaa zaidi yule ambaye kuja na kuondoka kwake kumeandikwa. Niongeze kwamba wageni wote hawasafiri kwa raha hiyo. Mafundi wa baadhi ya makandarasi, hasa waliotoka Asia, hukaa miezi mingi bila kuona kwao, na sababu ni ileile: mikataba yao imeandikwa tofauti.

Upande wa pili wa kioo ni kijana wa Chumbageni niliyewahi kusoma naye mkataba wake wa kazi ya ufundi wa viyoyozi katika nchi moja ya Ghuba. Mshahara ulikuwa umeelezwa vizuri, na malazi pia. Kwenye nafasi ya nyumbani kwake palikuwa pamechapwa Dar es Salaam, mji ambao alikwenda kwa usaili tu. Nilipomwuliza akasema ndivyo mikataba yote ya wakala yule ilivyo. Kwake lilikuwa jambo dogo. Lakini maneno hayo matatu ndiyo yaliyoamua kwamba kila kilomita kati ya Kipawa na Chumbageni, kwenda na kurudi, na kila usiku utakaolala katikati, ni juu yake.

Sheria haimsaidii sana. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 43, inamtaka mwajiri amsafirishe mfanyakazi na mizigo yake, au amlipe gharama hizo, pale ajira inapokoma mahali ambapo sipo alipoajiriwa. Kipimo chake ni mahali alipoajiriwa, wala si anakoishi. Aliyefanyiwa usaili Kinondoni na kutia sahihi Kinondoni, ukiisoma sheria hiyo kwa macho makavu, kwao ni Kinondoni. Na hiyo ni sheria ya hapa ndani. Huko nje mambo yana sura nyingine. Umoja wa Falme za Kiarabu unampa mfanyakazi wa sekta binafsi likizo ya siku 30 kwa mwaka, na tiketi ya likizo ya kila mwaka ni suala la mkataba. Mfanyakazi wa nyumbani, kwa sheria ya 2022 ya nchi hiyo, ana haki ya tiketi ya kwenda na kurudi kila baada ya miaka miwili. Oman nayo inatoa siku 30. Saudi Arabia inaanzia siku 21, na kufika 30 baada ya miaka mitano kwa mwajiri mmoja. Kwa hiyo dada anayefanya kazi za ndani Abu Dhabi, hata akijengewa uwanja nyuma ya nyumba ya mama yake Pongwe, tiketi atakayopewa kwa haki ni moja katika miaka miwili. Ndugu zake wanaosema angekuja mara kwa mara kama pangekuwa na ndege ya moja kwa moja wanapaswa kuambiwa kwa upole kwamba mkataba wake hauna nafasi ya kuja mara kwa mara.

Mabaharia, na Tanga haijawahi kuwakosa, wako mbele kidogo. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Baharini wa 2006 unamfanya mwenye meli alipe gharama za kumrudisha baharia kwao, unazuia kumweka melini mwaka mzima mfululizo, na miongozo yake inampa baharia nafasi ya kuchagua anakorudishwa: alipotilia sahihi, nchi anakoishi, au pengine walipokubaliana. Chaguo hilo ni dogo kwenye karatasi na kubwa sana barabarani. Baharia anayejua hilo huandikiwa nauli hadi mlangoni. Asiyejua hushushiwa Kipawa kama wenzake wa nchi kavu.

Tena Tanga, kuliko mikoa mingi, ilipaswa kulijua somo hili kwa kurithi. Mashamba ya mkonge yaliyoizunguka yalijengwa kwa migongo ya manamba, vibarua wa mkataba walioletwa kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji na Ruanda-Urundi, na kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwaandikisha na kuwasafirisha, SILABU. Kazi ilikuwa ngumu, ujira ulikuwa mdogo, na hakuna wa kuitamani enzi hiyo. Hata hivyo namba aliyeandikishwa Kasulu hakuhesabiwa kuwa mtu wa Korogwe kwa sababu tu ndiko alikoshukia. Alikotoka palijulikana, na kurudishwa alikotoka kulikuwa sehemu ya mapatano, hata kama wengi waliamua kubaki na leo wajukuu zao ni Watanga kamili. Ajabu ni kwamba mjukuu wa namba huyo, mwenye cheti cha ufundi na pasipoti ya Afrika Mashariki, anatia sahihi mkataba usiojua kwao ni wapi.

Hebu tupige hesabu ya siku. Chukua mtu anayefanya kazi Sohar, kilomita 200 hivi kutoka Muscat. Anatoka kambini mchana kuwahi ndege ya usiku, anaunganisha Dubai au Addis Ababa kwa sababu mwajiri amenunua tiketi ya bei ndogo, anafika Dar kesho yake, analala, na anaingia Tanga siku ya tatu. Kurudi ni vilevile, tena kwa tahadhari zaidi, kwa sababu akikosa ndege anakosa kazi. Siku 30 zake zimebaki 25. Ndege ya moja kwa moja ya kwenda Tanga, kama ingekuwepo na kama mwajiri angekubali kuinunua, ingemrudishia labda siku moja kila upande. Kifungu kimoja kinachosema siku za safari hazihesabiwi ndani ya likizo kingemrudishia zote tano. Hapo hatujagusa tarehe. Wengi wangependa kuja kwa ajili ya Ramadhani na Idi, na huo ndio msimu ambao tiketi hupanda na waajiri hukaza ruhusa. Mtu anayepewa likizo nje ya msimu huo kwa sababu mwajiri ameona inamfaa yeye, hakosi Idi kwa kukosa uwanja.

Wanaopigania uwanja wana hoja za uzito, na nitaanza na iliyo nzito zaidi. Kwa miaka uwanja wa Tanga umezoea ndege ndogo za aina ya Caravan, za abiria kumi na kitu, ambazo kikomo chake cha mzigo kwa kawaida ni kilo 15, tena kwenye begi laini. Anayerudi kutoka Ghuba na kilo 46 za zawadi hawezi kuitumia ndege hiyo hata kama anayo nauli. Kwake ni kana kwamba uwanja haupo. Njia ikirefushwa ikapokea ndege ya abiria 76 kama zile Dash 8 za Air Tanzania, mtu anaweza kukatiwa tiketi moja kutoka Tanga hadi anakokwenda, mzigo ukaandikwa safari nzima, na ndege ya kwanza ikichelewa jukumu likawa la shirika badala ya kuwa lake. Hoja hii naikubali bila kubana meno. Ila angalia inadai nini: uwanja wa ndani wenye ratiba inayoungana na ndege za nje pale Dar. Hilo ni dogo kuliko linalodaiwa, lina bei nafuu zaidi, na lina nafasi kubwa zaidi ya kutimia. Na bado linategemea mkataba, kwa sababu mwajiri aliyeandika Dar es Salaam atanunua hadi Dar es Salaam.

Dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba tukijenga, mashirika ya kimataifa yatakuja. Uwanja wa Songwe ulianza kazi mwaka 2012 kwa matumaini hayohayo, karibu na mipaka ya Zambia na Malawi, na abiria wake wengi mpaka leo ni wa Dar. Mtwara ilipata gesi na njia iliyorefushwa, lakini Doha haijatia mguu. Kilimanjaro na Zanzibar zinapokea ndege za mbali kwa sababu upande wa pili wa safari kuna watalii wanaojaza viti kuja na kurudi, karibu mwaka mzima. Abiria wetu wa ughaibuni wanakuja kwa msimu, wanaondoka kwa msimu, na wengi wao hawajinunulii tiketi. Shirika la ndege halipeleki ndege ya viti 180 mahali ambapo itajaa wiki ya Idi na kurudi tupu wiki zinazofuata. Amboni, Pangani, Saadani na Usambara zinaweza siku moja kuleta watalii wa kutosha kubadilisha hesabu hii, na barabara ya pwani ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo inayojengwa pamoja na daraja la Mto Pangani itasaidia. Lakini hiyo ni hoja ya utalii. Isivalishwe kanzu ya watu wa ughaibuni.

Ipo hoja nyingine ambayo si ya kiuchumi na ndiyo inayonifanya nisite kila ninapoandika juu ya jambo hili. Ni ya msiba. Mzee akifariki alfajiri Ngamiani, mara nyingi azikwa alasiri ileile au kesho yake. Mtoto aliyeko nje hupata habari kwa simu, na kufikia wakati anaomba ruhusa, shimo limeshafukiwa. Watu husema: tungekuwa na ndege ya moja kwa moja angewahi. Natamani ingekuwa kweli. Hata ndege iruke kutoka Dubai hadi Tanga kila siku, maziko ya saa kumi alasiri hayamsubiri mtu aliyepata habari saa kumi na mbili asubuhi akiwa zamu. Kinachowezekana kwake ni kuwahi khitma, kukaa na mama, kusimamia mirathi. Na hapo kizuizi cha kwanza ni ruhusa. Saudi Arabia ililegeza mwaka 2021 sharti la mfanyakazi kupata idhini ya mwajiri ili atoke nchini, lakini wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya nafuu hiyo. Wapo ambao pasipoti zao zinakaa kwenye kabati la bosi, iwe sheria inakataza au haikatazi. Siku saba za likizo ya dharura zilizoandikwa kwenye mkataba, na pasipoti iliyo mkononi mwa mwenyewe, zingewafikisha wengi zaidi kwa mama zao kuliko kilomita mbili za lami pale uwanjani.

Katikati ya ubishi huu limetokea jambo ambalo limeeleweka nusu. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha yake ya mashirika yasiyoruhusiwa kuingia katika anga yake, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa na mamlaka ya anga ya Tanzania. Hapa nyumbani tulilipokea kama suala la heshima ya taifa na la ndege za kwenda Ulaya. Wachache waliangalia kinachowagusa watu wa njia ya Tanga. Kampuni nyingi za kimataifa huwakataza watumishi wao kupanda shirika lililo kwenye orodha hiyo, hata kwa safari za ndani, kwa sababu za bima. Maana yake ni kwamba hata ile Dash 8 ninayoiunga mkono, ikianza kutua kesho, baadhi ya wageni wa Chongoleani tunaowategemea kujaza viti huenda wakaendelea kuja kwa gari. Kurekebisha ukaguzi wa usalama wa anga ni kazi ya makaratasi, mafunzo na wakaguzi, haina jiwe la msingi la kuwekwa. Lakini bila kazi hiyo uwanja mpya utakosa abiria wanaolipa vizuri.

Halafu kuna Mombasa, na hapa najua nitawaudhi wagosi wenzangu. Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro, mpakani na Kenya, ni kilomita 65 za lami, na kutoka hapo hadi Mombasa ni zaidi kidogo ya mia. Jumla haifiki 200. Kilichokuwa kikiiharibu njia hiyo kwa msafiri wa ndege ni kivuko cha Likoni, foleni ambayo hakuna mwenye akili timamu angeiwekea dau la kuwahi ndege. Sasa barabara ya Dongo Kundu, kwa madaraja yake ya Mteza na Mwache, inampitisha mtu kutoka pwani ya kusini hadi upande wa uwanja wa Moi bila kugusa maji. Ethiopian na Qatar zinatua hapo, na flydubai ilianza Januari 2024. Kituo cha pamoja cha mpakani kinamaanisha unashuka garini mara moja badala ya mbili. Kwa mtu wa Mkinga au Tanga mjini, uwanja wa kimataifa ulio karibu kuliko yote ni huo, na umbali wake ni nusu tu ya ule wa Dar.

Wapo wanaosema kuwatuma watu wetu Mombasa ni kuipa Kenya pesa. Pesa hizo tayari ziko kwa mashirika ya Ghuba. Kodi ya uwanja ni sehemu ndogo tu ya nauli. Hoja iliyo na meno ni nyingine: njia za Kenya zimewahi kutumiwa na mawakala wa magendo kuwapitisha wasichana wetu kwenda Ghuba bila vibali, kwa hiyo maofisa wa uhamiaji wana sababu ya kumtilia shaka binti anayevuka Horohoro na begi kubwa. Shaka hiyo ni halali kwa anayeondoka mara ya kwanza. Kwa mwenye visa ya kazi iliyo hai, mkataba uliosajiliwa na mihuri ya miaka minne kwenye pasipoti, ingeondolewa kwa utaratibu wa dakika tano. Asisahau tu kadi ya homa ya manjano, maana anaporudi kutoka Kenya ataulizwa. Lakini tena tunarudi palepale. Nimewasikia wafanyakazi wakiomba tiketi ya Mombasa, iliyo sawa au rahisi kuliko ya Dar, na ofisi ikakataa kwa kuwa mkataba unasema Dar es Salaam, Tanzania, na Mombasa si Tanzania.

Swali gumu ninaloulizwa ni hili: waajiri wakilazimishwa kumlipia Mtanga hadi Tanga na Msambaa hadi Lushoto, si watachukua watu wa Dar pekee, au wahamie kabisa kwa wafanyakazi wa nchi nyingine? Hatari ipo, na ingekuwa kubwa kama kila mtu angeachiwa apiganie kifungu chake mwenyewe mezani, kwa sababu mwenye shida ndiye wa kwanza kukubali kukifuta. Ndiyo maana mahali pake ni kwenye mkataba wa mfano unaoambatana na makubaliano ya ajira baina ya serikali yetu na nchi zinazopokea wafanyakazi, na kwenye masharti ya leseni ya mawakala, ili kiwe sawa kwa wote. Nauli ya basi au ndege ya ndani ni kitu kidogo mbele ya gharama ambazo mwajiri ameshalipa kwa wakala, visa na vipimo vya afya. Pale ambapo gharama hiyo ndogo inatosha kumkimbiza, ni vigumu kuamini kwamba mengine aliyoyaahidi angeyatimiza. Wabunge wa mkoa wanaosimama kila bajeti kuulizia uwanja wangeweza kuuliza pia, katika dakika zilezile, mikataba ya mfano inasema nini juu ya nyumbani kwa mfanyakazi. Swali hilo halihitaji upembuzi yakinifu.

Na halina muda mrefu wa kusubiri. Ujenzi wa bomba ukikamilika, wachomeleaji, mafundi umeme na waendesha mitambo wa Tanga waliopata uzoefu hapo watatafuta kazi za namna hiyo kwingine, Msumbiji, Ghuba, popote palipo na mitambo ya mafuta na gesi, na safari hii wao ndio watakuwa wageni wa zamu. Wamekula meza moja na watu ambao, kabla ya kutia sahihi, huuliza siku ya safari ni ya nani na gari la kutoka uwanjani linalipiwa na nani. Ofisi za mawakala kule Dar zitawapa karatasi ambayo nafasi ya nyumbani imeshachapwa. Ninachotaka kuona ni wangapi watairudisha ikaandikwe upya.